Samahani, Nitarudi Baadaye

Vijana wangu wa Ukunda,

Assalamu alaikum, na kwa wasioitumia salamu hiyo, hamjambo.

Siku ile mliponialika darasani kwenu nitazame mnavyotandika vitanda, mwalimu alimwita mwenzenu Saumu aje mbele aonyeshe namna ya kukunja taulo likawa bata maji. Saumu alikuja. Akalishika taulo, akatutazama, akalitazama taulo, kisha akaliweka juu ya mto polepole kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje. Tulivisikia viatu vyake vikiteremka ngazi, vikikata ua, vikipotea upande wa barabarani. Nyinyi mkacheka. Kuna mmoja, jina lake nalihifadhi, alicheka mpaka akapiga meza.

Mimi sikucheka, na msidhani ni kwa wema. Nilipouona mgongo wa yule binti mlangoni, niliuona mgongo wangu mwenyewe. Nilitaka kusimama hapo hapo niwasimulie, lakini saa ya chakula ilikuwa imefika na mkaniacha na mwalimu na vitanda vyenu vilivyopinda. Basi nimeona niwaandikie. Mwalimu akipenda atawasomea, na Saumu ikimfikia, asifiche uso.

Mnanijua kama Bi Mwanakombo, yule mama wa Msambweni anayekuja kuwakagua shuka. Nilifanya kazi ya vyumba katika hoteli moja ya Diani tangu nikiwa msichana hadi nikaitwa bibi. Na jambo la kwanza la kujua kuhusu kazi ya vyumba ni kwamba ni kazi ya kutoonekana. Mgeni anaamka, anakwenda kunywa chai. Akirudi, kitanda kimenyooka, mchanga aliouleta kwa miguu haupo, miwani yake iliyoanguka chini ya meza sasa imekaa juu ya kitabu chake. Nani kafanya? Hajui. Siku ambayo umefanya vizuri kabisa, hata hajiulizi.

Nilizipenda sana saa zile. Mapazia yanapumua, bahari inasikika kwa mbali kama mtu anayefagia ua mpana, na mimi na shuka yangu nyeupe tunaelewana bila maneno. Nilikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Madrasa nilikuwa nikiambiwa nisome peke yangu mbele ya wenzangu, sauti inakwenda zake, inaniacha na mdomo wazi. Kwa hiyo nilipopata kazi ambayo sharti lake ni usionekane, nilimshukuru Mungu nikadhani nimefika.

Aliyenifundisha ni Mzee Bakari. Kwao ni Msambweni kama kwetu, lakini hatukujuana mpaka hotelini. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikuwahi kuwa na doa, na alikuwa na sheria za mlango ambazo alizifundisha kabla hujaruhusiwa kushika hata foronya. Unabisha. Unasema hodi. Unangoja. Unabisha tena, unasema hodi tena, unangoja tena. Ndipo unafungua.

"Na kama najua chumba ni kitupu?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Unabisha."

"Na kama nimemwona mgeni kwa macho yangu akipanda gari kwenda uwanja wa ndege?"

"Mwanangu, macho yako ni yako, chumba ni cha mwenyewe. Bisha."

Sheria ya pili ilikuwa hii. Ukifungua ukamkuta mgeni ndani, unainamisha macho, unarudi nyuma hatua moja, unasema, "Samahani, nitarudi baadaye," na unauvuta mlango bila kelele. Unalisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani, kwa sababu hujui ni nani amelala humo. Mzee Bakari alinifanyisha mazoezi katika ujia wenye vyumba vitupu, mlango baada ya mlango, mpaka maneno yale yakawa yanatoka yenyewe kama chafya. Na kila mara alimalizia kwa onyo lile lile:

"Ukishasema utarudi, rudi. Yeye anaweza kusahau, wewe huna ruhusa ya kusahau. Usimdanganye mtu nyumbani kwake."

Shikeni hilo. Tutalihitaji huko mbele.

Sasa, mambo ya mataulo. Mzee Bakari ndiye aliyeanzisha mapambo ya vitanda pale kwetu. Nyinyi mnajifunza kwa picha za simu, si vibaya, lakini picha haikuambii mambo ya mkono. Taulo lililokaushwa kwa mashine na kutiwa dawa ya kulainisha ni laini mno, shingo ya bata inalala kama amelewa. Chagueni lililoanikwa juani, lenye ukaidi kidogo. Mnapoviringa, viringeni kwa kukaza kama mnaviringa mkeka mpya, pande zote mbili sawasawa, vidole gumba vikisukuma na vingine vikivuta. Miguu ya ndovu haisimami kwa sababu umeiombea. Inasimama kwa sababu uliikaza tangu mwanzo. Na kila umbo, malizieni kwa kiganja: bonyezeni mara moja, kwa utulivu, kisha ondoeni mkono. Mkono unaorudi rudi kugusa ndio unaoharibu.

Nilikosea sana nikijifunza. Mara moja niliwapamba bata wawili kwa asumini na boganvilia mbichi, nikaacha mlango wa roshani wazi ili harufu izunguke. Niliporudi na maji ya kunywa, kima alikuwa amekaa katikati ya kitanda, anatafuna boganvilia, amemkumbatia bata mmoja kama mwanawe. Alinitazama. Nami, Mungu ni shahidi, niliinamisha macho nikamwambia, "Samahani, nitarudi baadaye," nikavuta mlango. Nilikuwa nimefika katikati ya ujia ndipo akili ikanirudia.

Kisha kulikuwa na yule bibi Mjerumani aliyekuja peke yake. Hakuwa na moyo wa kumvunja bata. Kila siku nilimwekea mpya, na kila siku taulo la zamani sikulikuta. Nikaleta mengine, yakatoweka. Stoo wakaanza kuuliza, wasimamizi wakaanza kutazamana. Siku ya kuondoka kwake tulifungua kabati tukakuta ukoo mzima wa mabata wamekaa kwenye rafu, wakubwa nyuma na wadogo mbele, kila mmoja na ua lake lililokauka. Mzee Bakari alicheka akakaa chini. Alisema hajawahi kupewa sifa kubwa kama ile.

Naam. Nawasimulia haya ili mjue nilivyokuwa mahali pangu nilipoitwa mahali pasipokuwa pangu.

Akaja meneja mpya, kijana wa bara, mpole, anayekusikiliza mpaka mwisho kisha anafanya alilokuwa amekwisha kuamua. Hoteli ilikuwa imetoka kwenye msimu mbaya. Akatuita watu wa vyumba akatuambia bila kuzunguka: kupamba vitanda kunakula muda, na muda huo ukiondolewa, vyumba vyote vitafanywa na watu wachache zaidi. Wachache zaidi maana yake vibarua waende nyumbani. Mimi nilikuwa kibarua. Miaka yote ile nilikuwa kibarua, nangojea siku ya kuandikwa kazi ya kudumu, na nyumbani Msambweni kulikuwa na watoto wangu na mama yangu, wote wakiutegemea mkono huu mmoja ulioshika taulo.

Mzee Bakari aliinua kidole kwa adabu. "Bwana meneja, wageni wanakuta bata tu kitandani. Hawajui anazaliwaje. Wape nafasi waone mara moja. Wakiona ni upuuzi, tutaacha."

Meneja akafikiri. "Sawa. Jumamosi, baada ya chai ya alasiri, kando ya bwawa la kuogelea. Wakipenda, itaendelea na kila mtu atabaki. Wasipopenda, Jumatatu tunaanza mpango mpya."

Tulitoka nje nikimpongeza Mzee Bakari. Nilikuwa na hakika ni yeye atakayeonyesha. Akatikisa kichwa.

"Mimi nastaafu mwisho wa mwezi. Nikionyesha mimi, atasema ujuzi unaondoka na mzee. Utaonyesha wewe."

Sikulala vizuri wiki ile. Mama yangu alinikuta jikoni nimeshika ungo bila kupepeta kitu.

"Una nini?"

"Jumamosi natakiwa kusimama mbele ya wageni, mama."

"Ucheze ngoma?"

"La. Nikunje taulo."

Mama akauchukua ungo mikononi mwangu. "Kwao hawana mataulo?"

Jumamosi ikafika. Walikuwa wameweka meza ya kioo kando ya bwawa, na juu yake mataulo yangu. Viti na vitanda vya kuotea jua vilikuwa vimejaa. Zilikuwa siku za likizo, familia nyingi za Nairobi, Wajerumani kadhaa, watoto wenye maboya mikononi wakidondosha maji kila mahali. Meneja alisimama chini ya mwavuli, mikono nyuma. Kijana wa burudani, Kevo, naye mtoto wa Nairobi mwenye mdomo usiochoka, alinijia na kipaza sauti.

"Mathe, mbona unatetemeka hivyo? Tulia bana. Hawa ni watu tu, na hata nguo hawana."

"Ndiyo maana natetemeka," nikamwambia.

Akacheka, akanitangaza kwa mbwembwe, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Nikainua uso, na watu wote wale walikuwa wananitazama mimi. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa nisionekane. Kichwa changu kikawa kitupu, hakuna bata, hakuna ndovu. Mwili ukatafuta la kufanya, na ukalipata lile lililopigwa chapa ndani yake ujia mzima, mlango baada ya mlango. Mtumishi wa vyumba ambaye amemkuta mgeni ndani.

Nikainamisha macho. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya wazi na ya adabu, "Samahani, nitarudi baadaye." Nikalisema kwa Kiingereza. Nikalisema kwa Kijerumani. Kisha nikanyoosha mkono, nikashika kitasa ambacho hakikuwepo, nikauvuta mlango ambao haukuwepo, taratibu, bila kelele, nikaenda zangu.

Kicheko nilichokisikia nyuma yangu mpaka leo nikitaka naweza kukisikia.

Nilikwenda stoo ya shuka. Nilikaa juu ya magunia ya nguo chafu, nikajifunika uso kwa foronya. Pale ndani palinukia sabuni na pasi, harufu niliyoijua kuliko ya chumba changu, na niliona wazi kabisa kuwa Jumatatu sitainusa tena. Na wenzangu vibarua, ambao asubuhi walinikumbatia mmoja mmoja wakasema wananiombea dua, nao pia. Nimewamaliza kwa sentensi moja katika lugha tatu.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Hata hivyo mtu akabisha.

"Hodi."

Akangoja. Akabisha tena.

"Hodi."

"Karibu, mzee."

Mzee Bakari aliingia, akageuza ndoo, akakaa mkabala nami. Hakuniambia jikaze. Hakuniambia usiogope. Aliuliza tu, kama mtu anayekagua kazi:

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nitarudi baadaye."

"Kwa Kijerumani pia?"

"Pia."

"Vizuri."

Nikaondoa foronya usoni. "Wananicheka, mzee."

"Wanacheka, ndiyo. Wanadhani mchezo ndivyo unavyoanza. Yule mtoto mwenye kelele amewaambia umekwenda mbuga ya Shimba kuleta ndovu."

"Na meneja?"

"Anatazama saa."

"Siwezi, mzee."

"Kama unaweza au huwezi sijakuuliza. Nauliza, ulisema utarudi?"

Akainuka, akaenda kwenye dirisha la mbao lililoelekea bwawani, akanionyesha kwa kidole chake kilichopinda kwa baridi yabisi.

"Njoo utazame. Yule bwana mwenye kofia ya ukindu, unamjua?"

"Simjui."

"Ndiye anayelala bila mto. Mto anauweka kwenye kiti kama mgeni wake."

Nikasogea. "Huyo ndiye huyo?"

"Huyo. Na yule mama mwenye watoto watatu?"

Nikamtazama mama aliyekuwa akimfuta mtoto kichwa. Mtandio wa manjano. Mtandio ule nilikuwa nimeuokota sakafuni asubuhi ile ile. "Ndiye anayezikunja nguo za watoto mwenyewe," nikasema. "Anazipanga kwa rangi. Hataki tusumbuke."

"Na wale wazee wawili wa Kijerumani?"

"Wanaotandika kitanda wenyewe, vibaya," nikasema, na nikajikuta natabasamu.

"Basi," akasema Mzee Bakari. "Sijaona umati wa watu hapo. Naona vyumba vyako. Umeviingia kila asubuhi."

Nilisimama pale dirishani nikawahesabu si kwa nyuso bali kwa vitanda. Yule wa dawa za kikohozi kando ya taa. Yule wa msala uliokunjwa vizuri juu ya kiti. Yule mtoto anayelala na kiatu kimoja. Niliwajua wote. Nilikuwa nimewafunika, nimewafukizia mbu, nimewatafutia miwani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona uso wangu. Moyo haukuacha kupiga, msidanganyike. Ila miguu ilianza kukumbuka njia.

Nilichukua mataulo mawili kwenye rafu, yale ya kuanikwa juani, nikatoka.

Waliponiona nikirudi na mzigo kifuani, Kevo akapiga kelele, "Aliwaambia atarudi! Na ndovu huyo, ametoka naye Shimba!" Watoto wakaruka ruka. Nilifika kwenye meza, na sikujua nianze vipi, kwa hiyo nikaanza ninavyoanza kila siku. Nikabisha juu ya meza.

"Hodi."

Wengine walitazamana. Nikangoja, kama sheria inavyotaka. Nikabisha tena.

"Hodi."

"Karibu!" akaitikia yule mama wa mtandio wa manjano, kwa sauti nzito ya nyumbani, kama mtu aliye jikoni. Watoto wake wakadakia, "Karibu!" Kisha wazungu wakajaribu, kila mmoja kwa namna yake, na bwawa zima likawa linanikaribisha. Ndipo nikainua macho. Maana mtu akikukaribisha, unaingia.

Nawaambia ukweli, haikwenda vizuri mara moja. Meza ya kioo ilikuwa imelowa, na mimi sikuwahi kukunja taulo popote isipokuwa juu ya godoro. Ndovu wangu aliteleza, miguu ikaachana, akalala kifudifudi. Wakacheka. Nikamwinua, akalala tena. Niliiona saa ya meneja ikimeta. Ingekuwa mara ya kwanza, ningekimbilia stoo. Safari hii nilikuwa nimeshakaribishwa, na chumbani kikikosekana kitu unakiomba.

"Samahani," nikasema, "naomba kitanda."

Bwana mwenye kofia ya ukindu akainuka, akachukua kitanda chake cha kuotea jua pamoja na godoro lake, akaniletea mwenyewe mpaka miguuni. Nikamshukuru. Nikapiga magoti kama ninavyopiga kila asubuhi, nikapapasa godoro, na mikono yangu ikafika nyumbani. Nikaviringa kwa kukaza, pande zote mbili, nikakunja, miguu minne ikasimama. Taulo dogo nikalifanya kichwa, nikatoa mkonga, nikafungua masikio. Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikaimba kasida kwa pua, ile ninayoiimba nikiwa peke yangu, nikasahau kuwa kipaza sauti kilikuwa kando. Nikabonyeza kwa kiganja mara moja. Nikaondoa mkono.

Ndovu alisimama. Upepo wa bahari ukaja, ukamtikisa sikio moja tu, na yeye akabaki amesimama.

Sitawasimulia makofi, makofi mnayajua. Nitawasimulia mtoto mmoja, yule wa kiatu kimoja, aliyenivuta gauni akauliza, "Ndovu atalala kwetu?" Nikamwambia, "Nenda ukale chakula cha jioni. Ukirudi, atakuwa amefika." Mzee wa Kijerumani akauliza kama naweza kumfundisha, mkewe akasema aanze kwanza na shuka. Meneja alikuja, akamtazama ndovu kwa muda, akamgusa mkonga kwa kidole kimoja kama anayeogopa kuumwa. Akasema, "Jumamosi ijayo, Mwanakombo, tafuta meza bora."

"Si meza, bwana meneja," nikasema. "Kitanda."

Jumatatu tulirudi kazini sote, kila kibarua. Kazi ya kudumu nami niliipata baadaye, na nilifanya onyesho lile Jumamosi nyingi mno. Mkiniuliza kama woga uliisha, jibu ni hapana. Kila Jumamosi ulikuja nami mpaka bwawani. Ila ulizoea kukaa pembeni na kutazama, kama jamaa asiye na kazi.

Ninawashukuru watu wengi kwa alasiri ile. Kevo, aliyeugeuza utoro wangu kuwa safari ya Shimba. Bwana wa kofia, ambaye jina lake sikulijua kamwe. Mama yule, aliyeitikia kabla ya wote, asijue ameniokoa na nini. Na Mzee Bakari, ambaye mwisho wa mwezi ule alinikabidhi funguo za stoo na kofia yake akaivua kuniaga, jambo ambalo hakulifanyia hata meneja. Bado yuko Msambweni, macho yamepungua. Nikienda kumsalimia nasimama mlangoni pake nasema hodi, nangoja, nasema tena. Najua yumo. Naye anajua ni mimi. Lakini ananiacha nimalize zote mbili ndipo anaitikia, na nikisema shikamoo, ndani ya marahaba yake nasikia anacheka.

Siku yangu ya mwisho kazini, mimi nami, walinikatia keki mchana. Baada ya keki nilibakiza chumba kimoja. Nikabisha, nikangoja, nikabisha, nikafungua, na ndani mama mmoja alikuwa amelaza mtoto mwenye homa. Mdomo ukasema wenyewe, "Samahani, nitarudi baadaye." Nikavuta mlango. Jioni nilipopita mtoto alikuwa bado amelala, na basi la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi. Nikaondoka, nikiwa mstaafu.

Kesho yake asubuhi askari wa lango aliniona nimefika na leso zangu mbili.

"Bi Mwanakombo! Si umestaafu jana?"

"Nimestaafu."

"Umesahau nini?"

"Nilimwambia mgeni nitarudi."

Akanifungulia. Nilitandika kitanda kile nikiwa nimevaa leso, mtoto akiwa amekaa kitini, homa imeshuka, macho makubwa yakifuata vidole vyangu. Nilimkunjia ndovu mbele yake. Alikuwa mtazamaji mmoja tu, na moyo ulinidunda vile vile.

Sasa Saumu, mwanangu. Nimemuuliza mwalimu, amesema tangu siku ile hujafika, na kwamba unaona aibu, nami nimemwomba akufikishie barua hii. Wewe ulitoka bila kusema neno, lakini niliona ulivyoliweka taulo lile juu ya mto, na mtu anayekimbia moja kwa moja hutupa taulo sakafuni. Kwa hiyo nimekusemea. Nimewaambia wenzako, kwa lugha zote ninazozijua, kwamba ulisema samahani, utarudi baadaye.

Jumatatu nitakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha. Kitanda kitakuwa kimeshatandikwa, na mataulo nitayaleta mimi, ya kuanikwa juani. Mlango utaukuta wazi. Wewe bisha tu, useme hodi, kisha ungoje. Nina sauti ya kutosha kukuitikia.